Una P9 na vyeti vya zuio mwaka mmoja? Jinsi ya kujaza ritani moja ya KRA bila kukwama

Kosa linalorudiwa kila Juni ni hili: mtu aliyeajiriwa, na ambaye mwaka huohuo alifanya kazi ya mkataba pembeni, anajaza ritani (taarifa yake ya kodi ya mwaka) kwa P9 peke yake, yaani fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Mfumo unampa risiti, naye anaona amemaliza. Baadaye KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, inamwandikia kwamba kuna mapato hakuyataja. Mapato hayo walishayajua zamani, kwa sababu mteja aliyemkata asilimia 5 aliipeleka kodi hiyo pamoja na PIN ya mtu huyo, yaani namba yake ya mlipa kodi.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Kenya aliyepata mshahara na malipo ya mkataba katika mwaka wa 2025. Ritani yake ni moja, na siku ya mwisho ya kuiwasilisha ni 30 Juni 2026.

Kabla ya yote, ondoa dhana moja kichwani. Ile asilimia 5 anayokata mteja kwenye ada ya kitaalamu au ya ushauri si kodi ya mwisho, ni malipo ya awali tu. Mshahara wako ukiwa umeshafika ngazi ya asilimia 30, faida ya kazi ya mkataba nayo itatozwa asilimia 30, na wewe ndiye utakayelipa kinachobaki.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- P9 ya kila mwajiri wa mwaka huo. Ukibadilisha kazi katikati ya mwaka, unahitaji zote mbili.
- Vyeti vya kodi ya zuio, hiyo wengi wanayoiita withholding, kutoka kwa kila mteja aliyekukata.
- Orodha ya ankara zote ulizotoa, zikiwemo zile ambazo hukukatwa chochote.
- Ankara za kielektroniki za kodi (eTIMS) za gharama zako.
- Taarifa za benki na za M-Pesa za Januari hadi Desemba.
- PIN, nywila ya iTax (mfumo wa KRA wa mtandaoni), na barua pepe iliyosajiliwa ambayo bado unaweza kuifungua.
- Kompyuta yenye Excel halisi. Fomu ya ritani ina makro, yaani programu ndogo, ndani yake, na simu haiziendeshi. Programu nyingine za ofisi hufungua fomu vizuri kabisa, kisha kitufe cha kuhakiki kinakataa dakika ya mwisho.

## Hatua ya 1: Tenganisha mapato kwa karatasi, si kwa kumbukumbu

Kinachoamua ni karatasi uliyopewa. Jina la cheo chako halina neno hapa. Malipo yaliyokatwa PAYE (kodi ambayo mwajiri hukata kwenye mshahara) na kuingia kwenye P9 ni ajira. Malipo yaliyokatwa asilimia 5, au ambayo hayakukatwa kitu kwa sababu ulitoa ankara, ni biashara.

Kampuni moja inaweza kukupa vyote viwili. Ulianza Januari kama mshauri wa mkataba, Julai wakakuajiri: miezi sita ya kwanza ina vyeti vya zuio, miezi sita ya pili ina P9, na PIN ya mlipaji ni ileile. Usiviunganishe. Ukiingiza malipo ya mkataba kwenye ukurasa wa ajira, fomu itatafuta PAYE ambayo haikukatwa, na gharama zako hazitapata pa kuingia.

Angalia pia malipo madogo. Ada za kitaalamu zisizofika KSh 24,000 kwa mwezi kutoka kwa mteja mmoja hazikatwi zuio, lakini kodi yake iko palepale. Ndivyo ilivyo pia kwa malipo ya wateja wa ng'ambo uliowafanyia kazi ukiwa Nairobi au Mombasa. Hakuna aliyekukata, kwa hiyo ni wewe wa kuyataja.

Umefaulu ikiwa: kila fedha ya kazi iliyoingia benki au M-Pesa ina upande wake, ajira au mkataba, na hakuna iliyobaki katikati.

## Hatua ya 2: Linganisha vyeti vya zuio na ankara zako

Ingia iTax, fungua menyu ya vyeti na uchapishe vyeti vya zuio vya mwaka mzima. Kisha weka kila cheti pembeni ya ankara yake.

Kwenye kila cheti soma tarakimu mbili: kiasi chote kabla ya kukatwa, na kodi iliyokatwa. Ankara ya KSh 100,000 itakuwa na zuio la KSh 5,000, na benki utaona 95,000. Kwenye ritani unaandika 100,000. Wanaoandika 95,000 kisha wakadai na ile 5,000 wanajipunguzia kodi mara mbili, na KRA ina tarakimu kamili kwenye cheti chako.

Ukikuta umekatwa asilimia 3 badala ya 5, mteja aliichukulia kazi kama kandarasi, mfano ujenzi. Namna ya kuijaza ni ileile.

Mteja alikata lakini cheti hakionekani? Maana yake mara nyingi ni kwamba hajapeleka fedha, au amekosea PIN. Sheria inamtaka aipeleke ndani ya siku 5 za kazi baada ya kukata. Mwandikie mhasibu wake sasa, ukitaja namba ya ankara, tarehe ya malipo na kiasi kilichokatwa. Usidai zuio lisilo na cheti, maana mfumo hauna cha kulilinganisha nalo. Lakini mapato yenyewe utayataja yote, cheti kiwepo kisiwepo.

## Hatua ya 3: Kusanya gharama zinazokubalika

Upande wa mkataba unatozwa kodi kwenye faida, si kwenye kila shilingi iliyoingia. Hapa ndipo watu huacha fedha zao mezani, au hujitia matatani kwa pupa.

Gharama inakubalika ikiwa ilitumika kwa ajili ya kazi hiyo tu: intaneti ya ofisi, usajili wa programu, usafiri wa kwenda kwa mteja, malipo ya msaidizi, kodi ya chumba cha kazi. Chakula cha nyumbani, karo za watoto na nauli ya kwenda kwenye ile kazi ya mshahara havimo. Intaneti inayotumiwa na nyumba nzima igawe kwa uwiano unaoweza kuutetea ukiulizwa.

Tangu 1 Januari 2024 gharama inatakiwa iwe na ankara ya kielektroniki ya kodi, yaani eTIMS, isipokuwa vitu vichache vilivyosamehewa, kama mishahara. Risiti ya kuandikwa kwa kalamu haikufikishi mbali tena. Ulipomlipa fundi au mpiga picha asiye na eTIMS, gharama hiyo ihesabu kama imepotea, na mwaka huu mwambie ajisajili. Anaweza kuanza hata kwa simu, kupitia *222#.

Kompyuta ina njia yake. Ni mali ya kudumu, kwa hiyo huitoi yote kama gharama ya mwaka. Unadai asilimia 25 ya bei kwa mwaka wa kwanza. Laptopu ya KSh 80,000 inakupa punguzo la 20,000, na huingia kwenye kurasa za uchakavu wa mali, si kwenye orodha ya matumizi ya kawaida.

Jambo moja la kuzuia kosa la kawaida: kodi ya mauzo ya asilimia 3, ile ya wafanyabiashara wadogo, haihusu ada za kitaalamu. Mshauri, mhariri, mhasibu au mbunifu wa tovuti hawezi kuikimbilia kwa sababu ni nafuu.

Umefaulu ikiwa: una jumla mbili tu, mapato yote ya mkataba na gharama zote zenye ushahidi. Ushahidi huo utautunza kwa miaka 5.

## Hatua ya 4: Piga hesabu kabla hujaifungua fomu

Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayookoa jioni nzima. Ukiwa na jibu lako kwenye karatasi, fomu ikitoa jingine utajua kosa liko wapi.

Viwango vya mwaka ni hivi:

- KSh 288,000 za kwanza: asilimia 10
- 100,000 zinazofuata: asilimia 25
- kuanzia 388,001 hadi 6,000,000: asilimia 30
- kuanzia 6,000,001 hadi 9,600,000: asilimia 32.5
- zaidi ya hapo: asilimia 35

Nafuu ya kibinafsi ni KSh 28,800 kwa mwaka, yaani 2,400 kila mwezi. Ni moja kwa kila mtu, hata ukiwa na kazi tatu.

Chukua mfano wa mtu mwenye mshahara wa KSh 80,000 kwa mwezi, na kazi za mkataba za KSh 400,000 kwa mwaka, zote zimekatwa zuio.

Upande wa ajira. Mshahara wa mwaka ni 960,000. Toa mchango wa pensheni wa NSSF 49,680 (2,160 ya Januari, kisha 4,320 kila mwezi baada ya viwango kupanda Februari), mchango wa bima ya afya wa SHIF 26,400, na tozo ya nyumba 14,400. Zote tatu hupunguza mapato yanayotozwa kodi katika mwaka wa 2025. Yanabaki 869,520. PAYE iliyokatwa, baada ya nafuu, ni 169,456.

Upande wa mkataba. Mapato 400,000, gharama za kawaida 70,000, uchakavu wa laptopu 20,000. Faida ni 310,000.

Kuunganisha. 869,520 + 310,000 = 1,179,520. Kodi yake:

- 288,000 kwa asilimia 10 = 28,800
- 100,000 kwa asilimia 25 = 25,000
- 791,520 kwa asilimia 30 = 237,456
- Jumla = 291,256

Toa nafuu 28,800, inabaki 262,456. Toa PAYE 169,456, inabaki 93,000. Toa zuio 20,000, inabaki KSh 73,000 za kulipa.

Kiasi hicho huwashtua wengi. Lakini ukitazama vizuri, ni asilimia 30 ya faida ya 310,000, ukitoa zuio. Mshahara ulishazimaliza ngazi za chini zote, kwa hiyo mkataba ulianzia juu moja kwa moja.

## Hatua ya 5: Chukua fomu iliyo sahihi

Kwenye menyu ya ritani ya iTax kuna njia fupi ya wenye mapato ya ajira pekee. Ndiyo mtego wenyewe. Ni rahisi, inajaza mambo mengi yenyewe, na haina mahali pa kuweka kazi ya mkataba. Ipite.

Chagua File Return, kisha wajibu wa Income Tax – Resident Individual, na upakue fomu ya Excel. Pakua mpya kila mwaka. Fomu ya zamani iliyobaki kwenye kompyuta haina masharti ya mwaka huu, na makato ya SHIF na tozo ya nyumba ni mfano mzuri: kabla ya 27 Desemba 2024 hayakuwa yakitolewa kwenye mapato namna hii.

Kabla ya kuifungua, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, na uweke alama kwenye Unblock. Windows huzizuia makro za faili lililotoka kwenye intaneti. Ukiruka hapa utajaza fomu nzima kisha kitufe cha mwisho kisifanye kitu. Hakikisha pia kompyuta inasoma tarehe kwa mpangilio wa siku/mwezi/mwaka. Iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itakataa 31/12/2025 na hutaelewa kosa ni lipi.

## Hatua ya 6: Jaza kwa mpangilio huu

Ukurasa A. PIN, kipindi cha 01/01/2025 hadi 31/12/2025, na akaunti ya benki. Unapoulizwa kama una mapato mengine zaidi ya ajira, jibu ndiyo. Jibu hilo ndilo linalofungua kurasa za biashara.

Faida na hasara. Ingiza mapato yote ya mkataba bila kutoa zuio, kisha gharama kwa aina zake. Usizitupe zote kwenye mstari wa gharama nyinginezo. Mstari mmoja mnene unaalika maswali.

Ukurasa F, mapato ya ajira. PIN ya mwajiri na jumla ya mshahara kutoka P9. Kila mwajiri na mstari wake.

Ukurasa M, PAYE iliyokatwa. Hapa makini. P9 ina kodi iliyotozwa kabla ya nafuu, na PAYE iliyokatwa baada ya nafuu. Kwenye safu ya kodi iliyokatwa andika ya pili. Kwenye mfano wetu ni 169,456, si 198,256.

Ukurasa wa zuio. Namba ya cheti, PIN ya mteja, tarehe na viwango, kama vilivyo kwenye cheti. Andika kwa mkono badala ya kunakili na kubandika, kwa sababu nafasi tupu isiyoonekana mwishoni mwa namba inatosha kuikwamisha fomu.

Ukurasa T, hesabu ya kodi. Ingiza michango ya pensheni, SHIF, tozo ya nyumba na nafuu ya 28,800. Kisha shuka hadi mstari wa mwisho.

## Hatua ya 7: Jibu likikataa, soma tofauti

Tofauti kati ya jibu la fomu na la karatasi yako huwa inajitaja yenyewe. Kwa mfano wetu:

- Imezidi kwa 28,800: hukuingiza nafuu kwenye ukurasa T.
- Imepungua kwa 28,800: umeandika kodi ya kabla ya nafuu kwenye ukurasa M. Mwajiriwa asiye na mapato mengine akikosea hapa huona kama anaidai KRA marejesho, akafurahi. Asifurahi.
- Imezidi kwa 20,000: vyeti vya zuio havikuingia.
- Imepungua kwa 6,000: umeandika mapato baada ya zuio, 380,000 badala ya 400,000.
- Imezidi kwa 14,904: umesahau NSSF. Kwa 12,240, umesahau SHIF na tozo ya nyumba.

Tofauti ya shilingi moja mbili hutokana na kukadiria kwa mwezi. Iache.

Mwenye waajiri wawili kwa wakati mmoja ataona deni hata bila kazi ya mkataba. Kila mwajiri alianza kumhesabia kutoka asilimia 10, na kila mmoja akampa 2,400 ya mwezi. Fomu inaiondoa nafuu iliyozidi, na ni haki yake kufanya hivyo.

## Hatua ya 8: Hakiki na upakie

Bofya kitufe cha kuhakiki. Makosa yakitokea, fomu huyaorodhesha pamoja na ukurasa yalipo. Yasahihishe kuanzia juu, kwa sababu moja la juu mara nyingi huzaa matano ya chini.

Fomu ikikubali itatengeneza faili la zip. Usilifungue wala kulibadilisha jina. Rudi iTax, lipakie, kubali masharti na utume.

Umefaulu ikiwa: una risiti yenye namba, na kiasi cha kodi kilichoandikwa ni kilekile cha karatasi yako. Ihifadhi. Risiti ya ritani si risiti ya malipo.

## Hatua ya 9: Lipa kabla ya 30 Aprili

Hili ndilo linalowagharimu hata waangalifu. Ritani ina muda hadi 30 Juni, lakini kodi iliyobaki ilitakiwa kulipwa kufikia 30 Aprili. Mwenye deni anayesubiri Juni amechelewa miezi miwili huku akijiona yuko ndani ya muda.

Kuchelewa kulipa kuna adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kwa deni la 73,000 ni adhabu ya 3,650, na riba ya 730 kwa Mei na 730 kwa Juni: jumla 5,110 za bure. Kuchelewesha ritani yenyewe kuna adhabu yake, KSh 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa zaidi.

Kwenye menyu ya malipo chagua Income Tax, kisha Resident Individual, kisha Self Assessment Tax, na mwaka husika. Deni litajitokeza. Liongeze, chagua njia ya kulipia, na mfumo utakupa PRN, yaani namba ya malipo. Lipa kwa benki au M-Pesa ukitumia PRN hiyo kama namba ya akaunti. Kulipa bila PRN, au kwa PRN ya mwaka mwingine, huiacha fedha ikielea na deni likibaki palepale.

Baada ya siku chache fungua leja yako ya iTax uone deni limefutika.

## Ukigundua kosa baada ya kutuma

Usitume ritani ya pili. Tumia njia ya kurekebisha, File Amended Return. Miaka iliyopita ambayo ulijaza P9 peke yake inarekebishwa kwa njia hiyohiyo, hadi miaka 5 nyuma. Anza na mwaka wenye vyeti vingi zaidi, kwa sababu ndio KRA inaouona kwa urahisi.

## Kwa mwaka unaoendelea

Ukikadiria kwamba kodi itakayobaki baada ya PAYE na zuio itazidi KSh 40,000, unatakiwa kulipa kwa awamu mwaka ukiwa bado unaendelea: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Mtu wa mfano wetu yumo.

Njia nyepesi ya kujiandaa ni kuweka kando robo ya kila malipo ya mkataba siku yanapoingia, kwenye akaunti ambayo kadi yake huibebi. Na toa ankara zako mwenyewe kupitia eTIMS. Mteja asipoipata hawezi kuidai kama gharama yake, na tangu 1 Januari 2026 KRA inalinganisha ritani na ankara hizo pamoja na vyeti vya zuio.